Mwenye Jicho la Ng'ambo

Hamood bin Thuwaini alikuja Ibra, huko Omani, na sinia ya halwa. Mtu mwenye adabu akitaka kukudhulumu huanza na kitu kitamu, na Hamood alikuwa na adabu nyingi. Alivua viatu mlangoni, akamwamkia Mzee Thabit shikamoo ya kusikika mpaka jikoni, akakaa kwenye busati la majlisi akakunja miguu kama mtu wa nyumbani. Gari lake jeupe lilikuwa limeziba njia nzima huko nje, na majirani walikuwa washaanza kuchungulia.

"Ami Thabit," alisema, "mwezi ujao tuna maonyesho Nizwa. Magazeti ya Waomani wa Afrika. Mkubwa mmoja atatoka Maskati kuja kufungua. Sasa maonyesho kama hayo bila ya *Kengele* ya marehemu baba yatakuwa kitu? Lakini sisi nakala hatuna hata moja. Zote ziliteketea kwenye mapinduzi."

"Mie n'nazo," alisema Mzee Thabit.

"Ndivyo nilivyosikia. Tuazime basi, ami. Na wewe mwenyewe uje, tukuweke mbele na wageni."

*Kengele* lilikuwa gazeti la Kiswahili lililotoka Unguja kila Ijumaa katika miaka ya hamsini. Bwana Thuwaini, baba yake Hamood, alikuwa na mashine, na jengo, na ukoo wa kusimama mbele ya watu. Thabit alikuwa kijana mweusi wa Ng'ambo, ule upande wa mji wa nyumba za makuti. Katika ukurasa wa pili palikuwa na safu iliyoitwa Jicho la Ng'ambo, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiliuza gazeti. Jicho liliandika habari ya akina mama waliokuwa wakitembea na ndoo kutwa kutafuta maji, mpaka serikali ya Mngereza ikaona haya ikaleta bomba. Liliandika habari ya wenye ardhi waliokuwa wakibomoa nyumba za masikini. Wasiojua kusoma walisomewa vibarazani. Safu haikuwa na jina la mtu chini yake, kwa sababu wakati ule kuweka jina ni kujipeleka jela mwenyewe, lakini mji mzima ulimjua mwandishi wake. Alikuwa Thabit.

Hamood naye alijua. Hilo tuliweke wazi tangu mwanzo, asije mtu akasema alikosea.

Mzee alitazama halwa kwa muda, kisha akamwita binti yake. Fawziya aliingia na dele la kahawa, mtandio kauzungusha vizuri, uso umemng'aa. Alikuwa keshasikia yote nyuma ya mlango. Alikuwa mwalimu wa Kiarabu katika skuli ya wasichana, na kila mwaka skulini walimuuliza swali lile lile kwa upole ule ule: asili yenu nyinyi ni wapi hasa? Jina la kabila analo, tena ni lile lile la Hamood. Lakini kila mtu katika Ibra anajua nani kazaliwa nalo jina na nani kapewa. Miaka ya sabini, walipokuwa wanarudi watu kutoka Afrika, hupati pasi ya Omani mpaka shekhe wa kabila akushuhudie kuwa wewe ni wao. Ukoo wa Hamood ulimshuhudia Thabit kwa kuwa bibi yake alikuwa mtumwa nyumbani kwao Unguja. Walikumbusha hisani hiyo kila walipopata nafasi, harusini na matangani.

"Mtolee lile sanduku," alisema Mzee.

"Lote, baba?"

"Lote. Gazeti halikuandikwa likae chini ya kitanda."

Usiku ule Fawziya alimwambia mumewe, "Safari hii watamjua baba ni nani." Adham alikuwa mhasibu katika duka la vifaa vya ujenzi la Hamood, tawi la Ibra. Alicheka kwa furaha, kwa sababu mkwe akiheshimiwa na bosi, naye anapumua.

Siku ya ufunguzi walitoka asubuhi kwa gari la kampuni. Mzee Thabit alikaa mbele na Adham, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka imesimama, kichwani kofia ya kiua aliyoishona marehemu mkewe. Fawziya alikaa nyuma. Mzee alikuwa na maneno siku hiyo. Walipopita Sinaw hadithi yake ilikuwa ishafika bandarini Unguja wakati wa vita vya Hitla.

"Meli ya Wamarekani ilitia nanga," alisema. "Mpishi wake mtu mweusi, mweusi kuliko mie. Kaniachia magazeti ya kwao, alokuwa kafungia viatu vyake. Mie nikadhani gazeti la wazungu. Kumbe la watu weusi, Adham! Mwenye mashine mweusi, mwandishi mweusi, picha ya harusi ya watu weusi. N'likuwa sijawahi kuona. N'kasoma na kamusi mwezi mzima."

"Waliandika nini, baba?"

"Waliandika mtu kauawa huko kwao, katundikwa mtini na wazungu. Lakini si kama magazeti yetu, 'Mwafrika mmoja amekufa.' Hapana. Waliandika jina lake, na jina la baba'ke, na kazi yake, na mtaa wake. N'kasema, ah, kumbe hivi ndo inavofanywa. Tangu siku hiyo kila n'lipoandika habari ya mtu, n'litia jina lake. Mchukuzi, n'natia jina. Mchumaji karafuu, jina."

"Lako tu ndo hukutia," alisema Fawziya kutoka nyuma.

"Langu la nini? Mie si habari."

Ukumbi ulikuwa na kipoozahewa kikali na harufu ya ubani. Kuta zote zilikuwa zimejaa magazeti ndani ya fremu, na katikati ya sakafu wameweka mashine kuukuu ya chapa, imepakwa rangi nyeusi mpya, imezungushiwa kamba. Mzee Thabit alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa *Kengele*. Alisimama mbele ya kurasa zake mwenyewe kama mtu anayeonana na watoto wake baada ya safari ndefu. Aligusa kioo cha moja, ile yenye makala iliyoitwa Maiti ya Mchumaji, akatabasamu.

Fawziya ndiye aliyeona kibandiko. Kilikuwa kimegandishwa juu ya kioo, chini kwenye pembe, karatasi nyeupe yenye herufi za Kiarabu za dhahabu. Alikisoma, akasogea fremu ya pili, akasoma, ya tatu, akasoma. Zote zilikuwa na maneno yale yale: Jicho la Ng'ambo, kwa kalamu ya marehemu Thuwaini, mwanzilishi wa Kengele. Mwisho wa ukuta palikuwa na picha ya ofisi ya gazeti. Bwana Thuwaini amekaa kwenye kiti, na Thabit kijana amesimama nyuma yake. Chini waliandika: Bwana Thuwaini pamoja na Thabit, mtumishi wa nyumba na msaidizi wa mashine.

Neno la Kiarabu walilolitumia kwa mtumishi ni khadim. Mgeni anaweza kulisoma akapita. Kwa watu wa huku linamaanisha mtumwa, na mwana wa mtumwa, na mjukuu wake.

"Adham," alisema Fawziya polepole. "Njoo usome."

Adham alikuja, akasoma, akatazama viatu vyake. "Labda wamekosea."

"Wamekosea fremu zote?"

"Usipaze sauti, Fawziya. Nakuomba. Watu wanakuja."

Wageni kweli walikuwa wameanza kuingia. Bwana mmoja kutoka Sur, ndevu zimechanwa, kilemba kizuri, alikuwa anakunywa kahawa huku anatazama ukuta. Alipomaliza akageuka, akamwona mzee mweusi aliyevaa kanzu nyeupe amesimama peke yake. Alimnyooshea kikombe akakitikisa, ile ishara ya kuwa nimetosheka, chukua. Hakufanya kwa ubaya. Hata hakumtazama usoni, na hilo ndilo lililokuwa baya. Mzee Thabit alikipokea kikombe. Alibaki nacho mkononi, hajui pa kukiweka, mpaka binti yake alipomnyang'anya.

"Baba, soma hii," alisema, na machozi yalikuwa yashamfika.

Walikwenda kumwona Hamood katika chumba cha pembeni, alipokuwa anafunga kilemba upya mbele ya kioo. Aliwakaribisha. Adham alisimama karibu na mlango.

"Nani kakwambia Jicho kaliandika baba'ko?" aliuliza Mzee Thabit.

"Ami, gazeti lilikuwa lake."

"Gazeti lake. Maneno yangu."

Hamood alikaza kilemba. "Ushahidi uko wapi? Nionyeshe karatasi moja kwa mwandiko wako, ami. Moja tu. Nikiiona, wallahi nabandua vibandiko vyote kwa mkono wangu."

Alijua anachokiuliza. Karatasi haikuwako, wala haikupata kuwako. Askari wa Mngereza walikuwa na tabia ya kuja kupekua, na Bwana Thuwaini alikataza Jicho lisiandikwe kwa wino ofisini. Kwa hiyo Thabit alikuwa akisimama mbele ya kasha la herufi za madini ya risasi akiyapanga maneno yake papo hapo, yanatoka kichwani yanaingia katika chuma, herufi moja moja, kinyumenyume. Gazeti likishapigwa chapa, herufi zinafumuliwa zinarudi kashani. Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote ile. Ujanja uliomlinda Bwana Thuwaini na polisi ndio sasa mwanawe alioushika kama rungu.

"Karatasi hamna, na wewe unajua kwa nini," alisema Mzee. "Lakini kesi ilikuwako. Maiti ya Mchumaji. Mtu kaanguka mkarafuu, kaachwa chini mpaka jua limekuchwa, ati karafuu zipimwe kwanza. Jina lake Juma wa Makame, n'kalitia. N'kalitia na jina la mwenye shamba. Polisi wakaja. Baba'ko kasimama mahkamani, kashika msahafu, kasema: 'Maneno haya si yangu, ni ya huyu Thabit, mimi sijui alichokiandika.' Kaapa, Hamood! Mie n'kafungwa. N'kavunja mawe mpaka kucha zikang'oka. Sikumlaumu, alikuwa na watoto. Wewe ulikuwa mmoja wao."

Hamood aligeuka kutoka kwenye kioo. "Hayo ya zamani, ami. Leo hatuko mahkamani. Hii sherehe, ya kwetu sote. Heshima ya baba ni heshima yako, jina si moja?" Kisha akashusha sauti. "Na hilo jina, nani aliyekushuhudia ukalipata?"

Unamjibu nini mtu anayekuuliza swali hilo mbele ya binti yako? Hamood akamgeukia Adham, akamwekea mkono begani. "Wewe mtu wa akili. Msaidie mzee. Leo akae, aseme maneno mawili ya shukrani, tule, tuondoke. Kazi yako naiona, Adham. Nataka nikupe tawi zima."

"Inshallah," alisema Adham. Ndilo neno alilopata.

Kwenye ujia Fawziya alimgeukia mumewe. "Inshallah nini?"

"Ulitaka niseme nini? Ada za watoto nani analipa? Deni la nyumba benki nani analipa? Mimi nampenda baba'ko, lakini gazeti la miaka arubaini iliyopita halitulishi."

Mambo yote aliyoyataja Adham yalikuwa kweli. Fawziya akaenda kukaa upande wa wanawake na hasira yake.

Sherehe ilianza kwa Kurani, zikafuata hotuba, na kila hotuba ilimtaja marehemu Thuwaini, kalamu yake, ushujaa wake, namna alivyowapigania wanyonge wa Ng'ambo. Ng'ambo yenyewe mtu yule alikuwa akipita na leso puani. Karibu nusu ya waliokaa ukumbini walikuwa watu wa Unguja na Pemba, na wenye umri wao walikuwa wakilijua gazeti na mwandishi wake. Walikaa wametulia, kila mmoja na kilemba chake, wanapiga makofi.

Mwisho Hamood akatangaza kuwa yuko nao mzee aliyefanya kazi chini ya marehemu, na atasema machache kwa Kiswahili, na yeye Hamood atamfasiria mgeni rasmi, yule mkubwa wa Maskati. Adham alimshika mkono mkwewe kumpandisha jukwaani. Alimnong'oneza, "Shukrani tu, baba. Kwa ajili ya wajukuu zako." Mzee alimtazama kwa huruma, na Adham akaona aibu asiyojua aitie wapi.

Mzee Thabit alishika kipaza sauti.

"Mimi Thabit wa Ng'ambo," alisema. "Jicho la Ng'ambo n'liandika mie. Bwana Thuwaini alikuwa na mashine, na alinipa nafasi, na kwa hilo Mungu amlipe. Lakini hakuandika hata mstari mmoja. N'liandika mie, n'kafungwa mie. Mlioko humu mnanijua. Wewe Bwana unayekohoa hapo, mama yako alichota maji kwenye bomba la Jicho. Sitaki zawadi. Nataka vibandiko vile vitolewe."

Hamood akainama kuelekea kwa mgeni rasmi, akatabasamu, akasema kwa Kiarabu kizuri cha kupendeza: "Mzee anamshukuru Mungu kwa kumjalia kumtumikia marehemu baba yangu, na anakushukuru wewe kwa kuja. Anasema bila ya baba yangu watu wa Ng'ambo wasingepata hata maji."

Mgeni rasmi akapiga makofi, naye hana kosa, alipiga kwa alichokisikia. Lakini nyuma yake wakapiga na wengine! Wakapiga watu waliozaliwa Malindi ya Unguja na Mkunazini, waliolelewa kwa Kiswahili, walioelewa kila neno. Mmoja alirekebisha kilemba chake. Mwingine aligeuza vidole vyake akavitazama. Mzee Thabit, Kiarabu chake cha msikitini na sokoni, alilishika lile neno la shukrani peke yake, akageuza kichwa huku na huku kama mtu aliyepotea ndani ya nyumba yake.

Upande wa wanawake, Bibi Ghanima, mtu mzima sana wa Vikokotoni, Unguja, alimvuta Fawziya mkono. "Mbona kafasiri hivo? Sivyo alivosema baba'ko!"

"Nimesikia, bibi."

"Sasa umekaa unangoja nini? Mie Kiarabu sikijui. Wewe si ndo mwalimu?"

Fawziya alisimama. Alishika kiti cha mbele yake. Mwanamke hasimami tu katika hadhara ile akasema mbele ya wanaume na mgeni wa serikali, na alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Akaanza kwa salamu, kama anavyoanza darasani. Kisha akaifasiri hotuba ya baba yake kwa Kiarabu, sentensi kwa sentensi, hakuongeza wala hakupunguza. Alitia mashine, na nafasi, na Mungu amlipe. Alitia jela. Alitia mtu anayekohoa. Alitia vibandiko, akamaliza. "Hivyo ndivyo alivyosema baba yangu," aliongeza, "na nusu ya mliomo humu mmeelewa kabla yangu."

Mgeni rasmi alimtazama Hamood. "Ni kweli?"

"Mzee amechoka," alisema Hamood. "Umri. Na binti ana uchungu wa baba yake, si wa kulaumiwa."

"Basi mambo haya mtayaangalia baadaye kwa utulivu," alisema mgeni, akatazama saa yake. Kengele ya chakula haikulia, lakini watu waliinuka kama imelia. Sinia za wali na nyama zilikuwa zimeanza kuingia. Mambo ya namna hii huangaliwa baadaye kwa utulivu, na ninyi na mimi tunajua baadaye hiyo ni lini.

Mzee Thabit alishuka jukwaani peke yake. Hakwenda kwenye chakula. Alikwenda ukutani, akainua mikono, akaitungua fremu ya Maiti ya Mchumaji. Ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. Ikamlemea, akaiegemeza kifuani, akaanza kutembea nayo kuelekea mlangoni. Mlinzi, kijana wa Bahla, akamzuia kwa adabu.

"Mzee, hii huwezi kutoka nayo. Ni ya nani?"

Watu wakageuka na vipande vya nyama mikononi. Hamood alikuwa upande wa pili, na alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Adham. Mtoe mzee. Fremu ibaki."

Adham alikuja. Alisimama baina ya mlinzi na mkwewe. Fawziya, aliyekuwa anakimbia kutoka upande wa wanawake, alimwona uso na akasema moyoni mwake: kwisha, ataichukua. Adham aliishika fremu kwa upande wa chini, uzito ukamtoka mzee.

"Ni ya huyu," alimwambia mlinzi kwa Kiarabu. "Kaiandika yeye." Kisha akairudia kwa Kiswahili, kwa nguvu, akiwatazama wale waliokuwa wanakula: "Kaiandika yeye! Na nyote mnajua!"

Ufunguo wa gari la kampuni aliuweka juu ya meza ya wageni, karibu na maua. Mlinzi akawapisha.

Walikodi teksi karibu na soko la Nizwa. Dereva alitaka kuitia fremu kwenye buti, Mzee akakataa, ikakaa juu ya mapaja yao kiti cha nyuma, wamebanana watatu. Walipita Izki. Adham alikuwa anatazama dirishani. Alikuwa anahesabu, na hesabu yake haikuwa nzuri.

"Nimekukosesha kazi," alisema Mzee.

"Nimeikosa mwenyewe, baba."

Fawziya alikuwa ameinama juu ya kioo. Alikuwa anakikwaruza kile kibandiko kwa ukucha, kwenye pembe, na karatasi ilikuwa imeanza kuinuka. Dhahabu ilimganda kidoleni. Alikwaruza kwa hasira, pumzi zinamtoka, mpaka baba yake akamshika mkono.

"Acha."

"Nakitoa, baba! Fremu isifike nyumbani na uchafu huu."

"Kiache hivo hivo," alisema Mzee Thabit. "Kesho fremu tunaitundika barazani, nje, mwenye kupita asome. Gazeti asome, na kibandiko asome. Na chini yake n'taandika mie, kwa wino safari hii, nani kaandika na nani kabandika. Majina yote mawili, kamili."